Mkopo wa nyumba Houston na barua ya kueleza kadi zangu 7: natoa nyota 4

Toka tuhamie kwenye nyumba Novemba 2024 nimepigiwa simu na Waswahili wenzangu kama sita hapa Houston, wote wanauliza kitu kimoja, ivi ulipitaje na zile kadi zote? Manake watu wanajua. Nilikua na kadi 7 za mkopo, 4 kati ya hizo nilizifungua ndani ya miezi 9, alafu Agosti nikaenda kuomba mkopo wa nyumba. Kila aliyesikia aliniambia nisubiri miaka miwili. Sikusubiri, na nyumba nimepata, kwahiyo naandika mara moja hapa ili anaetaka asome yote.

Natoa maoni juu ya huduma mbili. Ya kwanza ni kampuni iliyonikopesha, ambayo sitaji jina lake kwasababu nina malalamiko nayo pia. Ya pili ni ushauri wa nyumba wa bure kutoka ofisi iliyoidhinishwa na HUD, yani ile wizara ya nyumba ya serikali ya Marekani. Kampuni naipa nyota 4. Yule mama mshauri ningempa tano na zaidi kama zingekuwepo.

Nianze na kadi zenyewe zilivyokuja, maana bila hiyo hamtaelewa barua.

Nilifika 2017. Tanzania nilishakopa benki nikamaliza kulipa bila kuchelewa hata mwezi, lakini hapa ile haihesabiki, Equifax, Experian na TransUnion, zile kampuni tatu zinazotunza ripoti ya mikopo ya kila mtu, hawaoni chochote cha nyumbani. Unaanza kama mtoto mchanga. 2018 nikachukua kadi ya dhamana, unaweka dola 300 zako mwenyewe alafu unaruhusiwa kutumia 300 hizohizo, nikawa naitumia kuwekea mafuta tu na kulipa. 2019 benki ileile ikanipa kadi ya kawaida, 2021 nikapata ya tatu. Hizo tatu hakuna mtu aliyeniuliza, ni za zamani na hazina tatizo.

Maneno yalianzia Oktoba 2023. Nilikua nanunua viatu vya kazi na yunifomu, mi ni nesi kwenye nyumba ya wazee, shifti za usiku, na pale kaunta binti akaniambia nikichukua kadi ya duka napunguziwa asilimia 15 saahii. Nikachukua. Hiyo ya kwanza. Januari 2024 mama yangu akaanguka bafuni Tanga, nyonga ikavunjika, wakampeleka Dar kwa operesheni. Mwenye mama mzee mbali anajua ile simu ya saa nane usiku ilivyo. Februari nikafungua kadi ya shirika la ndege kwasababu tiketi ilikua dola 1,740 na akaunti yangu ilikua na 600 na kidogo. Nikaenda, nikakaa wiki tatu, nikarudi na deni. Kadi ile ya 2021 nayo ilikua imeshafika dola 3,100 kwa riba ya asilimia 27, yani karibu dola 70 kila mwezi zinaondoka kwa riba peke yake, deni lenyewe halitikisiki. Aprili nikafungua kadi nyingine ya kuhamishia hilo deni, wanakupa miezi 18 bila riba na wanakata asilimia 3 mara moja, kwangu ikawa dola 93. Mpaka leo naamini huo ndo uamuzi bora wa fedha niliowahi kufanya nchi hii. Juni giaboksi ya gari ikafa, gereji wakasema 2,200, wakanipa kadi yao ya miezi 6. Houston bila gari huendi kazini, hilo halina mjadala. Na Julai niliomba nyingine moja nikanyimwa.

Umeona? Ukizitaja moja moja kila moja ina sababu yake, ila kwenye ripoti hakuna sababu, kuna tarehe na majina ya kampuni tu. Mtu anaesoma ile ripoti anaona mwanamke anaekimbilia mikopo mfululizo alafu mwezi mmoja baadae anataka nyumba. Hata mimi ningeuliza.

Sasa kampuni. Afisa mkopo wangu alikua kaka mmoja kijana, mpole, anapokea simu, na kitu nilichompendea alinieleza kabla hajaivuta ripoti kwamba skoo, yani ile alama ya ukopaji wako, ya apu ya simu sio anayotumia yeye. Apu yangu ilikua inasoma 724 nikawa natembea kifua mbele. Kwenye mkopo wangu wa nyumba walitumia FICO za zamani, FICO ndo kampuni inayotengeneza hesabu ya skoo, wakavuta kwa wale watatu wote, alafu wakachukua ya katikati. Zangu zikatoka 671, 688 na 694, kwahiyo mimi ni 688. Wengi wanavunjika moyo hapo wanadhani wameibiwa, hamjaibiwa, ni mizani tofauti. Kwa mkopo wa FHA, ule wenye bima ya serikali ambao ndo niliomba, wenye kianzio (pesa unayotanguliza mwenyewe) cha asilimia 3.5 unatakiwa 580 kwenda juu, ingawa kampuni nyingine zinaweka kiwango chao juu zaidi. Kwahiyo skoo ilinitosha. Kilichobaki ni maelezo.

Siku ya tano ikaja orodha kutoka kwa andaraita, yule anaesoma faili na kuamua, ambae wewe hutamuona wala kuongea nae. Alitaka barua ya kueleza kadi zote 4 mpya, na maulizo yote ya mwaka mzima, yani kila mara kampuni ilipovuta ripoti yangu kwasababu nimeomba mkopo, pamoja na ile ya Julai niliyonyimwa. Nilikaa baada ya shifti, usingizi umenijaa, nikaandika mistari minne: kwamba nilifungua kadi kwa ajili ya mahitaji ya familia na kujenga historia ya mkopo, na sitafungua nyingine. Nikaona nimemaliza. Baada ya siku mbili ikarudi, haitoshi, eleza kila akaunti.

Niliumia kwakweli. Nilihisi nahojiwa kama mwizi, na zaidi nilikua naona aibu kumuandikia mtu nisiemjua habari za nyonga ya mama yangu. Mume wangu ndo aliyesema twende kwa yule mama wa ushauri, alikua amesikia kwa Wakongo wenzake wa kazini.

Yule mama ni Mkongo wa Bukavu, na nilipoingia akanisikia naongea na mume wangu akabadilisha lugha palepale. Akasoma barua yangu akaitua mezani. Akaniambia, "Mama, hapa hakuna kadi hata moja. Uko unamuambia nini?" Alafu akanieleza kitu ambacho afisa mkopo hakunieleza, na ndo maana namsifu. Kila ulizo kwenye ripoti linaweza kuwa limezaa deni ambalo bado halijaonekana, maana kadi mpya inaweza kuchukua mwezi au zaidi kutokea. Kwahiyo andaraita anapouliza kuhusu ile ya Julai anachotaka kujua ni je, ilifunguliwa au haikufunguliwa, na kama ilifunguliwa malipo yake ya mwezi ni shilingi ngapi. Basi. Hana shida na tabia yako. FHA wenyewe wanataka maulizo ya siku 90 za mwisho yaelezwe kwa maandishi, huyu wetu aliamua mwaka mzima. Kitu cha pili anachotafuta ni kama kadi zinaonyesha mtu aliyezidiwa, anaelipa kadi kwa kadi. Na cha tatu ni kama maneno yako yanafanana na stetimenti za benki.

Tukakaa saa moja na nusu. Akanichorea karatasi, kila kadi mstari wake: imefunguliwa lini, kwanini, ilitumika kiasi gani, leo inadaiwa kiasi gani, nalipa kiasi gani, ushahidi ni upi. Akakataa kabisa nianze na kuomba radhi, nilikua nimeandika samahani mara tatu akazikata zote kwa kalamu. Akakataa pia nichanganye kadi mbili kwenye sentensi moja.

Kwa Kiswahili kipande kimoja kilikua hivi:

"Kadi ya shirika la ndege, imefunguliwa Februari 2024. Mama yangu alivunjika nyonga Januari na kufanyiwa upasuaji Dar es Salaam. Nilinunua tiketi ya dola 1,740 kwa kadi hii. Leo deni ni dola 410, nalipa 100 kila mwezi, sijawahi kuchelewa. Nimeambatanisha tiketi, mihuri ya pasipoti na karatasi ya hospitali."

Na ile ya kuhamisha deni, ambayo mimi niliiogopa kuliko zote, yeye alisema ndo itanibeba. Tukaandika kwamba haikuongeza deni jipya, imehamisha la zamani la dola 3,100 kutoka riba ya 27 kwenda sifuri, nalipa 180 kila mwezi na hadi Agosti limeshuka mpaka 2,473. Ya duka tukaandika ukweli mtupu, niliichukua kwa punguzo la asilimia 15, nikalipa yote mwezi uliofuata, deni ni sifuri. Nilitaka kuipamba hiyo, niseme ilikua dharura, akanikatalia, akasema mtu anaona tarehe na anaona ni duka la nguo. Ya gereji, risiti ya giaboksi na deni lililobaki 1,100. Ya Julai, barua ya kunyimwa, kwasababu ukinyimwa lazima wakutumie maelezo kwanini, msiitupe ile barua jamani, kwangu ndo ilikua ushahidi kwamba hakuna akaunti iliyofunguliwa.

Kulikua na nyingine ya nane kwenye ripoti ambayo sio yangu. Binamu yangu aliniweka mtumiaji wa pembeni kwenye kadi yake 2019 ili nipate historia, na deni lake lilikua linasomeka kwangu. Nilikua nimesahau kabisa. Tukaweka stetimenti za miezi 12 kuonyesha analipa yeye. Kama umewekwa kwenye kadi ya ndugu, angalia kabla hujaomba, ripoti ni bure kwenye AnnualCreditReport.com na siku hizi unaweza kuivuta kila wiki.

Barua ikawa kurasa mbili na viambatanisho 14. Nikaituma Jumatatu, Alhamisi ikapita bila swali hata moja.

Hesabu yenyewe sasa, maana barua nzuri haisaidii kama namba zimegoma. Nyumba ni dola 195,000, vyumba vitatu, ya zamani kidogo. Kianzio 6,825. Malipo ya mwezi pamoja na kodi ya nyumba (ile ya serikali, sio ya kupanga) na bima zote ni 1,836, na Texas kodi ya nyumba ni kubwa kwakweli, mtu asikudanganye na bei peke yake. Kima cha chini cha kadi zangu zote kilikua 175, gari 410. Alafu kuna 40 ya mume wangu, na hii iliwashangaza wengi niliowaambia. Mume wangu hayumo kwenye mkopo, anaendesha kwa apu na hajamaliza miaka miwili ambayo wakopeshaji hutaka kuiona kwa mtu aliejiajiri. Lakini Texas mali mnayopata mkiwa kwenye ndoa ni ya wote wawili, na FHA katika majimbo ya namna hiyo wanahesabu madeni ya mwenzi hata kama hasaini. Walivuta ripoti yake pia. Kwahiyo jumla 2,461 kwa kipato changu cha 5,400 kabla ya makato, asilimia 45 na kitu. Ilikua imebana. Kadi moja zaidi yenye dola 60 za kima cha chini ingeweza kutuangusha, na hapo ndo nikaelewa kwanini walikua wananihoji vile.

Niseme na hili ingawa sio la kadi. Kwenye akaunti yangu kulikua na dola 3,000 zilizoingia kwa mkupuo, zamu yangu ya mchezo, tuko wanawake kumi tunachangiana kila mwezi. Wakauliza zimetoka wapi. Nilidhani nimekwisha, utamuelezaje mzungu kijumbe ni nani? Kumbe FHA wanaitambua hiyo kitu, vyama binafsi vya kuweka akiba vimetajwa kwenye kanuni zao. Kijumbe wetu akatoa nakala ya daftari lake, akaandika barua na kusaini, ikakubalika. Dada zangu mnaocheza michezo, andikeni, na pesa ipitie benki.

Kitu ambacho kampuni walikifanya vizuri sana ni onyo. Kaka yule alinipigia simu mwenyewe akasema toka leo mpaka siku ya kusaini usifungue kitu, usiongeze deni, usifunge kadi pia, kwasababu wanarudia kuangalia ripoti siku chache kabla ya kusaini. Wiki iliyofuata niko dukani naangalia friji, 900, muuzaji ananiambia nikichukua kadi yao napunguziwa 90 na miezi 12 bila riba. Mkono ulikua kwenye pochi. Nikasema asante nikaondoka, tumekula kwa kibaridi kidogo cha kuazima wiki tatu za kwanza. Jirani yangu hakuonywa na mkopeshaji wake, akachukua fanicha kwa mkopo siku nane kabla, wakasimamisha kila kitu ikabidi aanze upya.

Na kuzifunga kadi za zamani ili uonekane umetulia, usifanye. Limiti inapotea, asilimia unayotumia inapanda, na kiasi unachodaiwa kina uzito wa asilimia 30 kwenye skoo ya FICO, kulipa kwa wakati asilimia 35. Kuomba mikopo mipya ni asilimia 10 tu. Ulizo moja linakaa kwenye ripoti miaka miwili lakini FICO inalihesabu miezi 12. Kwahiyo wanaosema kadi nyingi zinaua skoo wanatishia watu kupita kiasi, kadi nyingi *zilizojaa* ndo zinaua. Tofauti nyingine ya kujua, ukizunguka kwa wakopeshaji watatu wa nyumba ndani ya wiki mbili inahesabika kama ulizo moja, ila kadi haziko hivyo, kila ombi linasimama peke yake.

Nyota niliyowanyima kampuni ni hii. Waliniomba barua mara mbili bila kusema wanataka nini ndani yake. Mistari mitano ya maelekezo ingeniokolea siku tisa na usiku mmoja wa kulia. Karatasi ya hospitali ya mama yangu niliipandisha kwenye tovuti yao mara tatu, kila mara wanasema haionekani, mara ya nne nikampelekea kaka kwa mkono. Na walitaka nieleze kwa maandishi kwanini natuma pesa Tanzania kila mwezi, nikaandika kwamba ni matunzo ya mama, wakauliza kama ni deni la lazima. Si deni. Nilijibu kwa adabu lakini iliniuma, na sidhani ilikua lazima iulizwe mara mbili.

Wanaouliza gharama: ushauri wa HUD kwangu ulikua bure kabisa, vikao vitatu. Ofisi zao zinapatikana kwenye tovuti ya HUD, unachagua na lugha, Kiswahili kipo kwa baadhi. Nendeni KABLA ya kuomba mkopo, mi nilienda nimeshakataliwa barua ya kwanza.

Kadi zote 7 bado ninazo. Ya gereji nililipa yote Novemba kabla ya miezi 6 kuisha, maana ile ukibakisha hata dola moja wanakupiga riba kuanzia siku ya kwanza. Ya ndege nilimaliza Desemba. Ile ya kuhamisha deni imebaki 493, muda wake unaisha Oktoba na nitakua nimemaliza. Mama anatembea na fimbo, anakwenda mpaka sokoni Ngamiani na kurudi, na chumba cha tatu tumemuwekea kitanda.